Fedha ya Mzazi: Historia ya Malipo ya Uzazi katika Australia, 1912–2014

Katika Kiswahili neno mzazi lina maana mbili zinazokaa pamoja bila ugomvi. Mzazi ni baba au mama wa mtu, hata mtu huyo akiwa mzee mwenye mvi; na tena mzazi ni mwanamke aliyejifungua karibuni, ambaye bado yumo ndani na hajatimiza siku zake arubaini. Maana ya kwanza ni ya nasaba, na ya pili ni ya hali. Mzazi wa maana ya pili ana haki zinazojulikana kwa majirani wote. Huletewa uji, hukandwa kwa maji ya moto, hupumzishwa kazi, na wanaokwenda kumtazama hawaendi mikono mitupu. Hapana anayeuliza kwanza kama yeye ni tajiri au maskini, wala kama mtoto aliyemzaa atalifaa taifa. Inatosha kwamba amezaa.

Swali la makala haya ni kama serikali nayo yapasa kwenda kumtazama mzazi na kitu mkononi. Nchi kadha wa kadha zimelijibu swali hilo, kila moja kwa namna yake, na katika hizo Australia ina historia yenye mafunzo mengi. Malipo ya uzazi yalianzishwa huko mwaka wa 1912, yakafutwa mwaka wa 1978, yakarudishwa mwaka wa 1996, yakakuzwa mwaka wa 2004, na yakafutwa tena mwaka wa 2014. Ni nadra kwa nchi moja kutoa majibu mengi kiasi hicho juu ya jambo moja, na majibu yenyewe yakawa yanapingana. Mwenye kuyafuata kwa utaratibu ataona kwamba ubishi wa kutoa au kutotoa ulikuwa ubishi wa juujuu. Chini yake yalilala maswali mawili mazito zaidi: ni mwanamke gani anayehesabiwa kuwa mama mbele ya serikali, na fedha anayopewa, je, ni haki yake au ni bei ya mtoto wake?

Asili ya sheria

Makoloni sita ya Waingereza yaliungana kuwa Shirikisho la Australia tarehe 1 Januari 1901. Nchi ilikuwa kubwa na watu wake wachache. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1911 ilionyesha jumla ya kiasi cha milioni 4 na nusu. Wenyeji wa asili hawakutiwa katika jumla hiyo, kwa kuwa kifungu cha 127 cha Katiba kilikataza wasihesabiwe. Wakuu wa nchi mpya walikuwa na hofu ya kupungua kwa uzazi miongoni mwa watu weupe. Katika New South Wales tume maalumu iliundwa mwaka wa 1903 ili kuchunguza jambo hilo, na taarifa yake ya mwaka wa 1904 iliwatupia wanawake sehemu kubwa ya lawama, ikidai kwamba wamependa raha kuliko wajibu.

Wakati huohuo palikuwa na fikira nyingine, iliyotoka kwa wafanyakazi. Mwaka wa 1907 Jaji H. B. Higgins wa Mahakama ya Usuluhishi aliamua kwamba ujira wa haki wa kibarua asiye na ufundi ni shilingi 7 kwa siku, yaani shilingi 42 kwa juma. Kipimo chake kilikuwa mahitaji ya mwanamume, mkewe na watoto watatu. Hukumu hiyo imesifiwa sana katika historia ya kazi, na ni haki yake kusifiwa. Walakini ilikuwa na upungufu mmoja. Fedha yote ya nyumba ilipita katika mkono wa mume. Mke alitajwa katika hesabu, lakini hakuwa na hata peni moja iliyokuwa yake kwa jina.

Hofu ya tume na dai la wafanyakazi vilikutana katika serikali ya Andrew Fisher. Fisher alizaliwa Uskochi mwaka wa 1862, akaingia kazi ya machimbo ya makaa ya mawe angali mtoto, na mwaka wa 1910 alishika uwaziri mkuu kwa mara ya pili akikiongoza Chama cha Wafanyakazi. Wanawake weupe walikuwa wamekwisha pata haki ya kura ya Shirikisho mwaka wa 1902, na sauti yao haikuweza tena kupuuzwa. Sheria ya Posho ya Uzazi ilikamilika tarehe 10 Oktoba 1912.

Maagizo yake yalikuwa mafupi. Mwanamke aliyejifungua katika Australia, au ndani ya chombo kilichokuwa kikisafiri kutoka bandari moja ya Australia kwenda nyingine, alilipwa paundi 5. Akizaa pacha, malipo yalikuwa yaleyale, kwa kuwa kilicholipiwa ni uzazi mmoja na si idadi ya watoto. Paundi 5 ni shilingi 100. Kwa kipimo cha hukumu ya Higgins, kiasi hicho kilipita ujira wa majuma mawili wa kibarua, na aghalabu ndicho kilichokuwa kiasi kikubwa kuliko vyote alivyowahi kushika mke wa mfanyakazi kwa mkono wake mwenyewe.

Mambo matatu yaliitenga sheria hii na nyingine za wakati wake. Kwanza, fedha ililipwa kwa mama, si kwa mumewe. Pili, mama hakuulizwa kama ameolewa. Tatu, hakuulizwa ana mali gani, wala hakutakiwa awe amechangia mfuko wowote. Ni vizuri kulinganisha na Uingereza. Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka wa 1911 iliweka huko malipo ya uzazi ya shilingi 30, lakini yalikuwa ya watu waliokatwa bima tu, na ilihitajika sheria nyingine ya mwaka wa 1913 kutamka wazi kwamba fedha hiyo ni mali ya mama. Australia iliyatoa malipo yake katika hazina ya watu wote. Fisher na wenzake walishikilia kwamba hiyo haikuwa sadaka, na asiyepewa sadaka hana haja ya kuinamisha kichwa.

Wasiohesabiwa kuwa mama

Hapa ndipo ukarimu wa sheria ulipofikia mpaka wake. Kifungu cha 6 kiliagiza kwamba wanawake wa Kiasia, na wanawake wenyeji wa asili wa Australia, wa Papua au wa visiwa vya Pasifiki, wasilipwe posho hiyo. Basi mwanamke aliyefika jana kutoka London kwa nia ya kukaa aliweza kulipwa akijifungua leo; na yule ambaye wazee wake waliishi katika nchi hiyo tangu maelfu ya miaka hakuwa na lake.

Kwa wataalamu wa lugha kuna jambo la kuzingatia katika maandishi ya agizo hili. Sheria ya uhamiaji ya mwaka wa 1901, iliyokusudiwa kuwazuia watu wasio weupe wasiingie nchini, haikutaja rangi. Ilitumia lugha kuwa kizuizi. Afisa aliweza kumsomea mgeni maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua afisa mwenyewe, na mgeni aliyeshindwa kuyaandika akarudishwa. Mtihani huo ulidumu hadi mwaka wa 1958. Hivyo ubaguzi wa bandarini ulivishwa nguo ya elimu, kwa sababu ulitazamwa na mataifa ya nje, na miongoni mwao Japani ilikuwa imekwisha lalamika. Ubaguzi wa chumba cha uzazi haukutazamwa na taifa lolote, ndiyo sababu haukuona haja ya nguo. Uliandikwa wazi kama ulivyo.

Kuandikwa wazi hakukuufanya uwe rahisi kutumika. Nani aliyekuwa mwenyeji wa asili? Wakuu walijibu kwa hesabu ya damu: aliyekuwa na sehemu kubwa zaidi ya damu ya wenyeji alikataliwa, na aliyechanganya nusu kwa nusu aliweza kukubaliwa. Waswahili husema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katika ofisi za posho uchungu haukuwa kipimo. Kipimo kilikuwa babu na bibi.

Ubaya wa jambo hili hauonekani wote mpaka uwekwe kando ya sheria nyingine za miaka ileile. New South Wales ilitunga sheria ya kile kilichoitwa ulinzi wa wenyeji mwaka wa 1909, na badiliko la mwaka wa 1915 likaipa halmashauri yake uwezo wa kuwachukua watoto wa wenyeji kutoka kwa wazazi wao bila hukumu ya mahakama. Majimbo mengine yalikuwa na sheria za namna hiyo. Taarifa kubwa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka wa 1997 iliyakusanya maelezo ya waliochukuliwa, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi bungeni kwa jina la taifa. Kwa hiyo katika kizazi kimoja dola lilimlipa mama mmoja ili azae na likamnyang'anya mwingine aliyekwisha zaa. Haya hayakuwa mambo mawili yaliyokutana kwa bahati tu. Yalitoka katika daftari moja, lile la kuamua mtoto yupi ni nyongeza ya taifa na yupi ni mzigo.

Hoja za wapinzani

Posho ya mwaka wa 1912 ilipingwa tangu siku ya kwanza, na hoja za wapinzani zastahili kupimwa moja moja, kwa kuwa baadhi yake zimeishi muda mrefu kuliko sheria yenyewe.

Ilisemwa kwamba akina baba watazinywa zile paundi 5. Ilisemwa kwamba kumlipa asiyeolewa ni kuutunza uovu, na viongozi wengi wa makanisa walilipinga jambo hilo. Hoja hizi mbili zilihusu tabia za watu, na ushahidi wake ulikuwa mchache kuliko kelele zake. Serikali ilizijibu kwa neno moja tu, kwamba mtoto wa mwanamke asiyeolewa huzaliwa na njaa ileile ya mtoto mwingine.

Hoja mbili nyingine zilikuwa na uzito. Moja ilidai kwamba fedha itamfikia daktari kuliko mama, kwa sababu madaktari wakijua kila mzazi ana paundi 5 watapandisha malipo yao. Nyingine ilitoka kwa madaktari na kwa baadhi ya vyama vya wanawake wenyewe: kwamba ingekuwa heri fedha hiyo ijengewe hospitali za wazazi na isomeshe wakunga, kuliko kugawanywa kidogo kidogo katika nyumba.

Historia iliipa hoja hii ya mwisho nguvu yenye kuumiza. Katika miaka ya 1920, wakati posho ilipokuwa imekwisha kulipwa kwa zaidi ya mwongo mmoja, wanawake wapatao 5 katika kila uzazi 1,000 walikuwa wakifa kwa sababu ya uzazi, na idadi hiyo haikushuka hata ilipofika katikati ya miaka ya 1930. Wengi waliuawa na homa ya uzazi, ambayo huletwa na vidudu vya uchafu vinavyoingia mwilini wakati wa kujifungua. Kilichoishinda homa hiyo ni dawa mpya za salfa zilizotokea katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, pamoja na mafunzo bora na usafi mkali. Fedha iliweza kumwita daktari, lakini haikuweza kumfundisha kunawa mikono.

Je, hoja hii inaivunja posho? Haiivunji. Inaonyesha tu kwamba posho haikuwa dawa ya kila ugonjwa, na waliodai kuwa ni dawa waliidhulumu. Kwa mke wa kibarua paundi 5 zilinunua mambo mengine: siku kadha za kulala badala ya kufua, msaidizi wa kuwatazama watoto wakubwa, maziwa, nguo za mtoto, na kulipa deni la duka lililokuwa likisubiri. Mambo hayo hayaonekani katika hesabu za vifo, lakini yana thamani yake. Mkunga na fedha si wapinzani. Waliowapiganisha walikuwa watu wa bajeti, ambao walitaka kutoa kimoja ili wasamehewe kingine.

Kupunguzwa, kufunguliwa na kufa

Shida ya uchumi ya dunia iliilazimisha serikali ya mwaka wa 1931 kupunguza matumizi. Posho ilishushwa hadi paundi 4, na kwa mara ya kwanza ikawekewa kipimo cha mali, ikawa ya wale wenye kipato kidogo tu. Kilichokuwa haki ya kila mama aliyetambuliwa kikageuka kuwa msaada wa wenye dhiki, na mwombaji akatakiwa kuithibitisha dhiki yake.

Vita Kuu ya Pili iliigeuza tena hali hiyo. Mwaka wa 1941 serikali ya Robert Menzies ilianzisha posho ya watoto ya shilingi 5 kwa juma kwa kila mtoto baada ya wa kwanza, chini ya umri wa miaka 16. Mwaka wa 1943 serikali ya John Curtin ilikiondoa kipimo cha mali katika malipo ya uzazi na kuyaongeza yakawa paundi 15 kwa mtoto wa kwanza, paundi 16 kwa mama mwenye watoto wengine mmoja au wawili, na paundi 17 na shilingi 10 kwa mwenye watatu au zaidi. Hicho kilikuwa kilele chake.

Mlango wa wenyeji wa asili ulifunguliwa polepole. Kuanzia mwaka wa 1942 aliweza kulipwa yule tu aliyekuwa ametolewa katika sheria za ulinzi za jimbo lake, jambo ambalo mara nyingi lilimtaka aishi mbali na jamaa zake. Sheria ya mwaka wa 1959 iliwaingiza wengi, lakini ikawaacha nje wale iliowaita wahamaji na washenzi; na ni mwaka wa 1966 ndipo maneno hayo yalipofutwa. Hata hivyo kuandikwa katika sheria si sawa na kupokea mkononi. Kwa waliokaa katika misheni na vituo vya serikali, malipo yaliweza kupewa mkuu wa mahali hapo ayatumie kwa ajili yao. Yale yaliyokuwa fahari ya sheria ya mwaka wa 1912, yaani fedha katika mkono wa mama mwenyewe, hao ndio waliokuwa wa mwisho kuyaonja.

Waliyoyapata yalikuwa yamekwisha kuchakaa. Tangu mwaka wa 1943 viwango vya posho havikuongezwa tena. Australia ilipoacha paundi na kushika dola mwezi wa Februari 1966, paundi 15 ziliandikwa dola 30, nazo zikabaki hizo dola 30 huku bei za vitu zikipanda kila mwaka. Serikali ya Malcolm Fraser iliifuta posho mwaka wa 1978, na waliosikitika hawakuwa wengi, kwa kuwa kilichofutwa kilikuwa jina zaidi ya fedha. Mlango ulifunguliwa kwa wote wakati ghala lilipokuwa karibu tupu.

Mama asiyeolewa naye alipata funzo chungu. Sheria ilimtambua tangu mwaka wa 1912, lakini kwa miongo mingi hospitali, makanisa na ofisi za ustawi ziliwashurutisha maelfu ya wasichana kama yeye wawatoe watoto wao kulelewa na watu wengine. Ni mwaka wa 1973 tu ndipo mama anayelea peke yake alipopata malipo ya kudumu ya kumtunza mtoto wake, na tarehe 21 Machi 2013 Waziri Mkuu Julia Gillard aliwaomba radhi wale walionyang'anywa. Malipo ya siku moja hayakuweza kumlinda mama ambaye jamii haikumtaka awe mama siku ya pili.

Bahashishi ya mwaka wa 2004

Malipo ya uzazi yalirudi mwezi wa Februari 1996, kwa kiasi kidogo na kwa wenye kipato cha chini au cha kadiri. Mwezi wa Mei 2004 Waziri wa Fedha Peter Costello alitangaza malipo mapya ya dola 3,000 kwa kila mtoto, bila kipimo cha mali, kuanzia tarehe 1 Julai. Aliwahimiza wananchi wazae mmoja kwa ajili ya mama, mmoja kwa ajili ya baba, na mmoja kwa ajili ya nchi. Malipo yalipanda hadi dola 4,000 mwaka wa 2006 na dola 5,000 mwaka wa 2008.

Jina lililoshikwa na watu halikuwa tena posho. Liliteuliwa neno ambalo kwa Kiswahili tafsiri yake ya karibu ni bahashishi: nyongeza apewayo mtu kwa kazi iliyompendeza mtoaji. Jina lilifuata maana. Sheria ya mwaka wa 1912, pamoja na dhambi yake ya ubaguzi, ililipa kwa sababu mwanamke amezaa. Malipo ya mwaka wa 2004 yaliombwa yamfanye azae.

Matokeo ya kwanza yaliwashangaza hata wataalamu. Kati ya tangazo na siku ya kuanza palikuwa na majuma saba tu, kwa hiyo hapana aliyeweza kupata mimba na kuzaa kwa ajili ya fedha hiyo. Lakini wale waliokuwa karibu kujifungua walikuwa na sababu ya kungoja. Wanauchumi Joshua Gans na Andrew Leigh walizichunguza hesabu za siku, wakaona kwamba watoto waliozaliwa tarehe 1 Julai 2004 walikuwa wengi kuliko wa siku nyingine yoyote katika miaka 30 iliyotangulia, na kwamba zaidi ya uzazi 1,000 ulisogezwa mbele, hasa ule wa upasuaji na wa kuchochewa kwa dawa. Fedha iliyowekewa mpaka wa siku moja ilikuwa imeingia mpaka katika saa ya mtoto kuzaliwa.

Kuhusu wingi wa watoto, wastani kwa kila mwanamke ulikuwa kiasi cha 1.7 mwaka wa 2001, ukafika karibu na 2 mwaka wa 2008, kisha ukaanza kushuka, na mwaka wa 2023 ulikuwa kiasi cha 1.5. Kupanda huko kulianza kabla ya malipo ya mwaka wa 2004, na sehemu yake ilitokana na wanawake waliokuwa wamechelewesha uzazi na sasa wakawa wanazaa. Mchango wa bahashishi haukuwa sifuri, lakini ulikuwa mdogo. Watu hawaamui kulea kwa miaka 20 kwa sababu ya malipo ya siku moja.

Mashutumu ya zamani nayo yalifufuka. Miaka 92 nyuma ilisemwa kwamba baba atainywa fedha. Sasa ilisemwa kwamba mama kijana atanunua televisheni kubwa. Kuanzia mwaka wa 2007 waliokuwa chini ya miaka 18 walilipwa kwa mafungu 13 badala ya mkupuo, na mwaka wa 2009 mafungu yakawa ya wote, pamoja na kipimo cha kipato. Tarehe 1 Januari 2011 Australia ilianza likizo ya uzazi yenye malipo ya serikali, majuma 18 kwa kiwango cha ujira wa chini wa taifa, na muda huo umeongezwa baadaye. Bahashishi ilifutwa tarehe 1 Machi 2014.

Majina ya fedha

Kiswahili kina hazina ya maneno ambayo yangewasaidia wenye kubishana juu ya malipo haya kuona wanabishania nini. Sadaka humwinua mtoaji. Bahashishi, neno lililotoka katika Kiajemi, husifu kazi na huweza kukomeshwa mtoaji asipopendezwa. Posho lilikuwa kipimo cha chakula cha mpagazi na kibarua. Halina heshima kubwa, lakini halimdai mtu shukrani. Ruzuku, kutoka Kiarabu, ni kile ambacho Mungu humkadiria kiumbe ili aishi. Haki ni ile isiyoombwa. Na siku hizi katika mifuko ya hifadhi hutumika neno mafao, linalotokana na kufaa.

Uchaguzi wa neno si pambo. Katika Tanzania Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ya mwaka wa 1997 iliweka mafao ya uzazi kwa wanachama waliochangia, na kwa namna hiyo inafanana zaidi na bima ya Uingereza ya mwaka wa 1911 kuliko posho ya Fisher. Mkulima na mchuuzi asiyechangia hayumo. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza chini ya TASAF mwaka wa 2012 uliwafikia wengine, lakini kwa kupima umaskini wao, na kwa baadhi ya malipo kuwawekea sharti la kumpeleka mtoto kliniki. Kenya mwaka wa 2013 ilichagua njia ya tatu, ikaondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za serikali. Moja ni fao la mchangiaji, nyingine ni msaada wa maskini, na ya tatu ni mkunga badala ya fedha. Bado hapana kati ya hizo inayomlipa kila mzazi kwa sababu tu ni mzazi.

Hitimisho

Historia ya Australia haitoi jibu la ndiyo au hapana kwa swali la malipo ya uzazi. Inatoa masharti ya jibu. Fedha inayotolewa ili kununua watoto haiwapati, au huwapata wachache kwa gharama kubwa. Fedha inayotolewa badala ya mkunga huacha wanawake wafe wakiwa nayo mkononi. Fedha isiyoongezwa bei zinapopanda hufutwa kimya kimya kabla haijafutwa kwa sheria. Na fedha inayochagua mama kwa damu au kwa cheti cha ndoa hulifundisha taifa kwamba kuna watoto wasiostahili kuzaliwa, nalo funzo hilo huja kulipwa kwa vizazi.

Ukiondoa makosa hayo manne, hubaki fikira moja iliyo njema katika sheria ya mwaka wa 1912, ambayo waliofuata waliipoteza kila walipoigeuza: kwamba mwanamke aliyejifungua ana kitu chake katika hazina ya wote, akipewe mkononi mwake, bila kuulizwa. Serikali inayoweza kufanya hivyo yapasa ifanye. Ile isiyo na mali ya kutosha yaweza kuanza kwa kiasi kidogo, maana kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini ianze kwa kila mzazi. Australia ilianza na paundi 5, kiasi cha kuridhisha, ikatumia miaka 54 kukubali kwamba wazazi wa nchi yake walikuwa wengi kuliko wale iliowahesabu.